Dokumentari ya treni za chini ya ardhi za London: kumbe kazi yenyewe inaanza saa saba usiku

Mzee wa Reli

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimemaliza mfululizo wa dokumentari ya televisheni inayoonyesha treni za chini ya ardhi za London kwa ndani, ile reli ambayo wenyewe wanaiita Tube. Niliiwasha usiku mmoja nikiwa sina usingizi, nikidhani mlio wa treni utanibembeleza. Nikakesha nayo mpaka kukapambazuka.

Historia yake nilikuwa naijua kijuujuu kama wengi humu. Treni ya kwanza ilianza 10 Januari 1863 kati ya Paddington na Farringdon, ikivutwa na injini za mvuke ndani ya handaki, moshi umejaa, watu wanakohoa, na bado siku ile ya kwanza wakapanda karibu 38,000. Mwaka 1890 ikaja reli ya kwanza ya umeme iliyochimbwa chini kabisa, mabehewa yake yana vidirisha vidogo vya juu juu hata watu wakayafananisha na vyumba vya kufungia wendawazimu. Hayo yamo vitabuni. Hayakunishika.

Nilichoshikwa nacho ni kile kinachotokea treni ya mwisho ikishapita.

Abiria wametoka, mageti yamefungwa, taa za jukwaani bado zinawaka. Unaona watu wamevaa fulana za rangi ya chungwa wamekaa kwenye ngazi, wengine wanakunywa chai ya chupa, hakuna anayegusa reli. Wanasubiri. Mmoja ana simu sikioni. Umeme lazima ukatwe kwanza, na kukatwa hakutoshi, lazima mtu mwenye mamlaka athibitishe kwamba umekatwa katika kipande kile wanachotaka kushukia. Ikifika saa saba usiku hivi wanapewa ruhusa. Na kuanzia hapo wana kama saa nne tu, kwa sababu kabla ya saa kumi na moja alfajiri reli inatakiwa iwe tayari kupokea watu tena.

Saa nne. Ndani yake uteremshe vifaa, utembee handakini hadi penye kazi, ukate kipande cha reli kilichochakaa, uweke kipya, ukaze, upime, kisha uanze kurudi. Nilipiga hesabu nikaona kazi halisi ya mikono haizidi saa mbili na kidogo. Halafu kuna kuhesabu. Kila spana iliyoingia lazima itoke. Kuna usiku mmoja kazi imekwisha, jasho linawatoka, msimamizi anahesabu vifaa na kimoja hakionekani. Kimya. Wote wanarudi na tochi. Mimi huku kitandani nimekaa wima kama natazama penalti. (Kilikuwa chini ya mfuko wa mtu.)

Lakini waliouteka moyo wangu hasa ni wale wafagiaji. Wenyewe kwa wenyewe wanaitwa fluffers. Wanaingia handakini na brashi, vikwangulio na mifuko, wanakwangua vumbi kwenye reli na kuta. Vumbi lenyewe si hili la njiani. Ni nywele, ni ngozi iliyobanduka kwenye miili ya abiria, ni nyuzi za nguo. Treni inaposonga kwenye handaki jembamba inasukuma hewa mbele yake kama pampu ya baiskeli, na hiyo hewa inakokota manyoya yote hayo na kuyarundika relini. Mama mmoja anainua fungu la kijivu mkononi mwake, anacheka, anaendelea. Hapigi hotuba. Ninyi mnaopanda asubuhi mmeacha mabaki yenu na yeye anayafungasha.

Nimesema mengi, karibuni. Kama kuna aliyeitazama aongezee, na kama kuna anayejua umeme ana swali langu: kwa nini reli zao ziko nne badala ya mbili? Kipindi kimepita hapo mbio mbio.

Mpitanjia

Daah, uzi mtamu. Naweka mkeka hapa.

Kichwa Ngumu

Mleta uzi umeandika vizuri, ila nikuulize. Wapiga picha waliingiaje humo handakini? Waliruhusiwa na wenye reli. Mwenye nyumba akikufungulia mlango mwenyewe, utaonyeshwa sebule. Chumba cha nyuma chenye matandiko yaliyochafuka hukioni. Hizi dokumentari za namna hii kwangu ni matangazo ya biashara yaliyowekewa muziki wa huzuni.

Mzee wa Reli

Kichwa Ngumu, hoja yako nilikuwa nayo kipindi cha kwanza chote. Ikaja kulegea pale kituo cha Victoria. Asubuhi ya saa mbili, jukwaa limejaa, kule chini treni zinachelewa, msimamizi anaamua kufunga mageti ya juu ili watu wasisukumane hadi relini. Huko nje wanamtukana. Kijana aliyewekwa getini hana cha kuwaambia zaidi ya "subirini kidogo", anarudia neno hilo hilo mpaka sauti inakauka. Mtu akitaka kujitangaza hakuonyeshi hapo.

Muziki nakubaliana na wewe. Kila fundi akipanda ngazi, kinanda. Wangetuachia sauti ya handaki lenyewe.

fundi umeme

Mzee wa Reli, swali lako la reli nne.

Mbili ni za kukanyagwa na magurudumu. Mbili zilizobaki ni za umeme. Ya pembeni, nje ya reli za magurudumu, ni chanya, volti 420 kulinganisha na ardhi. Ya katikati ni hasi, volti 210 pungufu kulinganisha na ardhi. Jumla treni inapata volti 630 za mkondo mnyofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu.

Reli nyingi duniani zina waya au reli moja ya kuleta umeme na zinaurudisha kupitia zile za magurudumu. Rahisi zaidi. Ila mahandaki ya zamani ya London yamejengwa kwa pete za chuma cha kalibu, na pembeni kuna mabomba ya chuma ya maji na gesi. Ukiurudisha umeme kupitia reli za magurudumu, sehemu yake inatoroka na kupitia kwenye vyuma hivyo. Mkondo mnyofu ukitoka kwenye chuma kuingia kwenye udongo wenye unyevu unakila kile chuma taratibu. Kwa miaka mingi unakuwa umejitobolea handaki lako mwenyewe. Kwa hiyo wakauwekea umeme njia yake ya kurudi, imesimama juu ya vihami visivyopitisha umeme, haigusani na kitu.

Kingine ambacho sijui kama walikionyesha. Ukutani mwa handaki kulikuwa na nyaya mbili tupu, zimepita sambamba kwenye usawa wa dirisha la dereva. Treni ikikwama, dereva alikuwa anatoa mkono, anazifinya zile nyaya zigusane, na umeme wa reli unakatika kipande chote. Kisha anabana simu yake juu ya nyaya hizo hizo na kuzungumza na waongozaji. Kitu cha kizamani na hakina mapambo yoyote. Mimi hicho ndicho ninachokiita uhandisi.

Mzee wa Reli

Fundi, asante sana. Zile nyaya nimeziona zikipita nyuma ya mtu mmoja anayezungumza, nikadhani za simu tu! Narudi kutazama upya.

Mpitanjia

Sasa aisee, kama saa nne hazitoshi na kama watu wanataka kusafiri usiku, kwa nini wasifanye kama New York? Kule nasikia treni hazilali.

fundi umeme

New York walichimba kwa upana. Tangu 1904 njia zao kubwa nyingi zina jozi nne za reli sambamba, mbili za treni za haraka na mbili za zinazosimama kila kituo. Usiku wanafunga upande mmoja wanatengeneza, treni zinapita upande mwingine. London handaki moja, jozi moja ya reli za magurudumu, uelekeo mmoja. Ukiweka fundi humo hakuna treni. Ukiweka treni hakuna fundi.

Mzee wa Reli

Na hata hivyo wamejaribu. Tangu Agosti 2016 kuna njia chache zinazokwenda usiku kucha Ijumaa na Jumamosi, wakaanza na Central na Victoria. Maana yake mafundi wa njia hizo wamepokonywa usiku mbili kati ya saba. Kipindi hakikusema hivyo, kilionyesha vijana wakiimba ndani ya behewa. Mimi nikawa nawafikiria wale wa fulana za chungwa.

Shangazi Mkubwa

Wanangu, mimi habari za volti mniachie. Nimewafuata kwa sababu ya ile sauti.

Mnaijua ile "Mind the gap", yaani jihadhari na upenyo uliopo kati ya treni na jukwaa. Matangazo ya kurekodiwa yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vituo vingine majukwaa yake yamejipinda, treni ni nyoofu, kwa hiyo katikati panabaki nafasi ya kumeza mguu wa mtu. Pale Embankment, njia ya Northern, sauti iliyokuwa ikitamka maneno hayo ilikuwa ya mwigizaji Oswald Laurence. Alifariki 2007. Mjane wake akawa akipita kituo kile anakaa kwenye benchi, anaacha treni ipite, anamsikiliza mume wake akisema maneno matatu, ndipo anapanda inayofuata.

Mwishoni mwa 2012 wakabadilisha mitambo. Akaenda siku moja, akakuta sauti ya mtu mwingine. Akauliza. Wakaenda wakautafuta mkanda kwenye hifadhi, wakampa nakala, na 2013 wakairudisha sauti pale Embankment. Kituo kimoja hicho tu. Watu wengine wote wanaosimama pale wanasikia tangazo.

Mimi nilizima televisheni nikakaa kidogo.

Mpitanjia

Shangazi umetutoa machozi watoto kabla ya wakati. 😢

Kichwa Ngumu

Shikamoo Shangazi. Hiyo imenigusa hata mimi na ukichwa ngumu wangu.

Lakini sijaachana na hoja yangu. Mzee wa Reli, walisema nini kuhusu ule moto wa kituo cha King's Cross 1987? Maana nimeenda kuitazama hiyo dokumentari jana kwa ajili ya uzi huu, na ninavyoona walipita pale kwa dakika mbili, shada la maua, kinanda, tukaendelea na Jumatatu asubuhi.

Niwape walichoruka. Tarehe 18 Novemba 1987, saa moja na nusu jioni, abiria anaona moto mdogo chini ya ngazi za umeme za njia ya Piccadilly. Ngazi zenyewe ni za mbao. Kuvuta sigara vituo vya chini kulishapigwa marufuku tangu 1985, ila watu walikuwa wanawasha wakiwa wanapanda kwenda nje. Kiberiti kikapenya pembeni ya vipandio. Walioona moto ule mwanzoni walisema haukuwa mkubwa kuliko boksi la karatasi linaloungua. Robo saa baadaye, saa moja na dakika 45, moto ukaruka ghafla na kuujaza ukumbi wa tiketi wa juu. Wakafa watu 31, mmoja wao mkuu wa kikosi cha zimamoto aliyekuwa ameingia kusaidia.

Wataalamu walishangaa kwa nini uliruka vile. Kompyuta ikaonyesha kwamba miale haikupanda juu kuelekea darini, ililala chini kwenye mfereji wa ngazi na kutambaa kufuata mteremko, ikizipasha mbao za mbele kabla hazijafikiwa. Watu hawakuamini, wakadhani programu imekosea. Wakajenga mfano mdogo wa ngazi, wakauwasha, ukafanya hivyo hivyo.

Na sasa sikilizeni mlichokuwa mnakisifia juu huko. Chini ya ngazi zile kulikuwa na nini? Grisi iliyochanganyika na vumbi, nywele, nyuzi za nguo, vipande vya karatasi. Uchunguzi ulikuta kwamba tangu ngazi zile ziwekwe miaka ya 1940 reli zake za chini zilikuwa hazijawahi kusafishwa zote. Manyoya ya yule mama wako wa brashi, Mzee wa Reli. Ndiyo yaliyoshika moto.

Mzee wa Reli

Kichwa Ngumu, umenikalisha chini.

Nilipoandika kuhusu wale wafagiaji niliandika kama mtu aliyeona kitu cha kuchekesha na cha kusikitisha kidogo, mama anazoa nywele zetu. Sikuunganisha. Nimerudi sasa hivi kwenye kile kipindi, dakika ile ile. Yule mama anakwangua mpaka kwenye kona za nyuma ya kebo, mahali ambapo hakuna abiria atakayeona maisha yake yote. Mara ya kwanza nilijiuliza anahangaika nini na kona. Hapo hapo ndipo dokumentari ilitakiwa iseme neno moja la 1987. Haikusema. Una haki kabisa kulalamika.

Ngazi za mbao waliziondoa, ile ya mwisho kabisa ilitoka kituo cha Greenford 2014. Hiyo nayo kipindi kiliitaja kama habari ya mambo ya kale, wakaonyesha vipandio vyake vilivyong'arishwa na viatu. Ilikuwa nzuri kuitazama, nisiseme uongo.

Nuru

Habarini. Mimi ni mgeni kwenye uzi. Hivi walieleza lile joto? Kila anayesimulia Tube wakati wa kiangazi anasimulia jasho.

Mzee wa Reli

Karibu Nuru. Walieleza, na hapo nawapa heko.

London imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Walipochimba mahandaki ya kwanza ya kina, udongo ule ulikuwa na nyuzijoto 14 hivi, na kampuni zilikuwa zinatangaza kwamba chini ya ardhi ni mahali pa ubaridi siku za joto! Sehemu kubwa ya joto inatoka kwenye breki. Treni inakimbia, inasimama, inakimbia, inasimama, na kila kusimama kunamwaga joto. Mfinyanzi ukalinywa kwa zaidi ya miaka mia moja mpaka ukashiba. Sasa hauna nafasi ya kunywa zaidi, sehemu nyingine umepita nyuzi 20, na joto linabaki na abiria.

Kiyoyozi? Njia zile za juu juu, zilizochimbwa kama mtaro na kufunikwa, zilianza kupata treni zenye viyoyozi 2010. Handaki la kina lina kipenyo cha mita tatu na nusu hivi, treni inapita kama kizibo kwenye chupa. Mtambo utauweka wapi, na joto utakalolitoa ndani ya behewa utalimwaga wapi zaidi ya humo humo handakini?

Kitu kilichonifurahisha: City Road, kituo kilichofungwa 1922, shimo lake la hewa bado lipo. Wameweka feni kubwa, linavuta hewa ya moto ya njia ya Northern, mtambo unaikamua ile hewa na kupasha maji yanayopelekwa majumbani mwa watu wa Islington. Tangu 2020. Jasho la abiria linapasha moto bafu la mtu.

fundi umeme

Ongeza hili. Wahandisi wa zamani walilijua tatizo la breki. Njia ya Central tangu 1900, na Victoria walipoijenga miaka ya 1960, vituo vingi vimewekwa juu ya kimuinuko kidogo. Treni ikiingia inapanda, mlima unaipunguza mwendo bila breki nyingi. Ikitoka inateremka, inapata mwendo bila umeme mwingi. Haina swichi, haina programu, haiharibiki. Nimeshinda siku nzima nikifurahia wazo hilo.

Mpitanjia

Yaani nimesimama kwenye treni maisha yote sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kutumia mlima kama breki. Fundi, wewe na Mzee mfungue darasa.

Kichwa Ngumu

Swali la mwisho kabla sijalala. Ile njia fupi ya Waterloo na City, haijaungana na reli nyingine yoyote. Treni zake zikihitaji matengenezo makubwa zinatokaje?

Mzee wa Reli

Kwa kreni! Kuna shimo pale Waterloo, wanasimamisha kreni ya barabarani juu yake, behewa linafungwa minyororo na kuvutwa juu moja moja kama samaki kwenye ndoana. Nimeona picha, ila kwenye kipindi sijafika, nimebakiza viwili na kichwa cha kimojawapo kinataja Waterloo. Naanza leo saa nne usiku.

Shangazi Mkubwa

Ukifika hapo niite, mwanangu. Na punguza sauti ya kinanda.